Mzee Wakhungu na Swali Lake la Matumbo

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2008, saa kumi na moja jioni, Mzee Hillary Wakhungu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho na kufunga mlango wa mochari ya Hospitali ya Misheni ya Sabwani, hapa Kitale. Atakuwa ameitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Kamati ya jarida letu la hospitali iliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa hakuna daktari mwingine aliyefanya kazi naye kwa muda mrefu kuliko mimi. Nilikubali upesi, kisha nikakaa na karatasi tupu wiki mbili. Mtaniwia radhi ikiwa maneno haya hayatakuwa na ile shangwe mliyozoea kuisoma katika ukurasa huu.

Mzee Wakhungu alizaliwa Bokoli, karibu na Webuye, mwaka 1953. Alisoma hadi darasa la saba, akaajiriwa hapa tarehe 2 Septemba 1974 kama mfagiaji wa wodi ya wanaume. Mwaka 1979 mhudumu wa mochari aliacha kazi bila kuaga. Metroni wa wakati huo aliwaita wafanyakazi wanne, mmoja baada ya mwingine, awaombe kushika nafasi ile. Watatu waliugua ghafla siku hiyo hiyo. Wa nne alikuwa Wakhungu, naye aliuliza jambo moja tu, kama angepewa chokaa apake kuta. Alipewa, na tangu siku hiyo kuta za mochari yetu zimekuwa nyeupe kuliko za kanisa.

Wengi wenu mnamfahamu kwa vituko vyake. Kila sherehe ya Krismasi alikuwa akipewa kazi ya kufungua soda, kwa sababu hakuna aliyetaka kupokea chapati kutoka mkononi mwake. Mwaka 1995 alikuja na glavu mpya, akamwonyesha kila mtu kwamba ndiyo kwanza zimetoka kwenye pakiti, kisha akaanza kugawa kuku. Watu walikimbia zaidi. Sukuma wiki aliyoipanda nyuma ya mochari ilinawiri kuliko ya mtu yeyote hapa, na hakuna aliyewahi kuionja isipokuwa yeye na mkewe, Mama Nabwile. Kama kuna wanandoa wenye afya kuwashinda hao wawili, mimi sijawaona.

Tena, alivaa tai kila siku, chini ya aproni. Nilipokuwa mgeni hapa nilimwuliza sababu.

"Hawa watu wanakuja kwangu mara moja tu, daktari," alinijibu. "Si lazima nijipange?"

Mimi nilifika hapa mwaka 1994 kutoka Kapsokwony, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba na nikiwa najua kila kitu. Zaidi ya tiba, nilipewa kazi ya kufanya upasuaji wa maiti pale polisi au familia walipotaka kujua chanzo cha kifo. Mzee Wakhungu ndiye aliyekuwa akinisaidia. Alikuwa na mikono myepesi na macho makali, naye alinyamaza nilipotaka kimya. Nilidhani hayo ndiyo yote niliyohitaji kutoka kwake.

Machi 1997 aliletwa mfanyabiashara mmoja wa Lwakhakha aliyeitwa Khaemba. Lori lilikuwa limemgonga na kumvunja mapaja yote mawili. Alipoteza damu nyingi njiani. Tulimwongezea damu, tukafunga mifupa, presha ikapanda, na siku ya pili akakaa kitandani akanywa uji. Tulipongezana. Siku iliyofuata presha ilianza kushuka tena bila damu kumwagika mahali popote. Tulimpa maji, tukampa damu zaidi, tukampa kila dawa iliyokuwa kabatini. Figo ziligoma, kisha mapafu, kisha moyo. Alifariki saa sita mchana.

Madaktari tunaiita hali hiyo shoki. Si mshtuko wa kusikia habari mbaya. Ni pale damu inapokosa kusukumwa vya kutosha kuufikia mwili wote, viungo vikaanza kuzimika kimoja kimoja. Jambo lililotusumbua siku zote ni hili: mara nyingi tunaziba jeraha, tunarudisha damu yote iliyopotea, na bado mgonjwa anaporomoka kana kwamba kuna moto tuliousahau mahali fulani ndani yake.

Mjane wa Khaemba hakuniuliza mimi chochote. Nilikuwa na haraka, na madaktari wenye haraka hawaulizwi maswali. Alikwenda kukaa kwenye benchi la nje ya mochari, akamwuliza Wakhungu.

"Jana alikunywa uji," alimwambia. "Alinituma nimletee redio. Sasa baba, ni nini imemuua? Kwani mtu anakufa na miguu?"

Wakhungu alimwambia pole tu. Tulipomfungua Khaemba mchana ule, aliinama akatazama tumbo kwa muda mrefu. Matumbo yalikuwa meusi, membamba kama karatasi iliyolowa, na ndani yake mlikuwa na damu na vidonda.

"Daktari, huyu aliumia miguu," alisema. "Mbona matumbo ndiyo yameungua?"

Nilimjibu bila kuinua kichwa kwamba ni kuoza kwa kawaida, kwamba mtu akifa tumbo ndilo linaloanza kuharibika. Si uongo. Ndivyo vitabu vilivyonifundisha.

"Lakini kuja uone huyu mwingine," aliendelea, akavuta droo ya pili. Ndani yake alilala dereva aliyekufa papo hapo barabarani siku hiyo hiyo. "Huyu alikufa saa tano, Khaemba saa sita. Friji ni moja. Hii matumbo yake ni safi. Kama ni kuoza, si wangeoza pamoja?"

Nilimwambia tumalize kazi. Nakumbuka nilikuwa na njaa.

Wiki ile Wakhungu alichukua daftari kubwa la jalada gumu na kuanza kuandika. Kila maiti iliyopasuliwa aliipa mstari wake. Aliandika mtu huyo aliumia wapi, kama alikufa palepale au alikaa wodini siku ngapi kabla ya kufa, alilala kwenye friji kwa muda gani, na matumbo yake yalionekanaje. Kuhusu rangi alitumia maneno yake mwenyewe. Kulikuwa na "rangi ya maziwa", "rangi ya maini" na "rangi ya makaa". Hakuna aliyemfundisha kwamba ukitaka kujua kama jambo fulani ndilo sababu, lazima ulinganishe wenye jambo hilo na wasiokuwa nalo. Mimi nilifundishwa hayo chuo kikuu kwa miaka sita, lakini hayakunijia akilini nilipokuwa nimesimama kati ya droo mbili zilizofunguliwa.

Mwaka 1999 alijitokeza kwenye mkutano wetu wa Jumatatu, ule wa kujadili vifo vya wiki. Alisimama mlangoni na daftari lake, akaomba kusema. Alisema kwamba wale wanaokaa wodini na shoki siku mbili au tatu, karibu wote matumbo yao yameungua, hata kama jeraha liko kichwani au mguuni, na kwamba yeye anafikiri kuna kitu ndani ya tumbo kinachotoka na kuwala watu.

Ninayoyaandika hapa chini wazee wachache wa hospitali hii wanayakumbuka, na ninaomba wasome wakijua kwamba nami siku zote nimeyakumbuka. Nilimjibu mbele ya wote: "Mzee, kazi yako ni kuosha. Ya kufikiri tuachie sisi."

Watu walicheka. Sista Phelista, msimamizi wa wodi ya upasuaji, hakucheka. Wakhungu alisema, "Sawa, daktari," akarudi kazini. Hakuwahi kurudi kwenye mkutano, lakini daftari hakuliacha.

Alilileta kwangu Novemba 2003, likiwa limejaa hadi ukurasa wa mwisho. Watu mia moja sitini na watatu. Alilifunga kwa gazeti ili lisichafuke, akaliweka mezani pangu kwa mikono miwili. Aliniomba nilisome nikipata nafasi. Nilimwahidi, na ninaamini nilikuwa na nia. Nililiweka kwenye rafu, juu yake nikaweka ripoti, na juu ya ripoti nikaweka faili.

Mwaka uliofuata tulihamia jengo jipya la utawala. Nilikuwa nimeshakuwa daktari mkuu, na nilikuwa na mambo mengi. Karani alipouliza afanyeje na makaratasi yaliyobaki katika ofisi yangu ya zamani, nilimwambia yote yakachomwe. Niliweka sahihi. Zilikuwa katoni kumi na mbili. Sikumbuki hata kama nilizitazama.

Agosti 2006 nilihudhuria kongamano la madaktari mjini Eldoret. Mchana, wakati wa kusinzia, alipanda jukwaani mhadhiri mmoja kuzungumzia utafiti mpya wa shoki unaofanywa ng'ambo. Alionyesha picha ya utumbo wa panya. Nilikaa wima. Zile rangi nilizijua. Maziwa. Maini. Makaa.

Alieleza hivi. Kongosho humimina ndani ya utumbo vimeng'enya vyenye nguvu ya kuyeyusha nyama. Ndivyo vinavyotusagia chakula. Sisi wenyewe hatuyeyuki kwa sababu ukuta wa utumbo una utando na ute unaovizuia. Lakini presha ikianguka, utumbo hukosa damu na hewa, ule utando hupata matundu, na vimeng'enya huanza kuula ukuta wa utumbo wenyewe. Kisha vipande vya uharibifu huo huingia kwenye damu na kuharibu mishipa, mapafu na moyo. Mwili unajisaga kama chakula. Watafiti hao walikuwa wamechukua panya na nguruwe wenye shoki, wakawatia ndani ya utumbo dawa ya kuzuia vimeng'enya visifanye kazi, na wanyama wengi zaidi wakaishi. Mhadhiri alisisitiza kwamba bado si tiba ya binadamu, na kwamba kazi ya miaka mingi ilikuwa mbele. Alisema pia kwamba wanahitaji sana kumbukumbu kutoka kwa watu waliokufa kwa shoki, zikilinganishwa na waliokufa ghafla, na kwamba kumbukumbu za namna hiyo ni adimu.

Sikukaa kusubiri chai.

Kesho yake asubuhi nilishuka mochari. Mzee Wakhungu alikuwa akipiga deki. Nilimwomba akae, nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Aliniomba nirudie sehemu ya vimeng'enya. Nikarudia.

"Kwa hivyo si kuoza," alisema.

"Si kuoza, mzee."

"Ni tumbo inajila."

"Ndiyo. Ulikuwa sahihi."

Alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku mwanawe alipohitimu ualimu. "Ai, bana! Sasa toa kile kitabu tuwapelekee! Watu mia moja sitini na watatu, daktari!"

Ilinibidi nimwambie. Nilisema daftari lilikuwa kwenye ofisi ya zamani, na kwamba makaratasi yote ya ofisi ile yalichomwa tulipohama.

"Yalichomewa wapi?"

"Kwenye tanuri letu. Mwaka 2004. Katoni kumi na mbili."

Mnajua wote kwamba tanuri la kuchomea takataka liko nyuma ya mochari, na mnajua ni nani aliyekuwa akilisimamia.

"Hizo katoni," alisema pole pole, "ni mimi nilichoma."

Alibaki ametazama mikono yake. Nilisema, "Nisamehe, mzee." Neno lilikuwa dogo mno. Baadaye kidogo aliinuka, akachukua fagio la deki, akamalizia upande uliobaki wa sakafu, akakamua kitambaa, akakianika. Ndipo akanigeukia.

"Stoo kuna kitabu ingine mpya. Nipatie hiyo tuanze tena," alisema. "Lakini hii, daktari, itakaa kwangu."

Safari hii tulifanya kazi ilivyostahili. Tuliomba kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya familia. Fundi wetu wa maabara, Sandra Chepkorir, alihifadhi kipande cha kila utumbo ndani ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Mzee Wakhungu alirudi kwenye mkutano wa Jumatatu na akapewa kiti. Alinifundisha kuona vitu ambavyo nilikuwa nikivitazama kwa miaka kumi na miwili bila kuviona, kama vile namna uharibifu unavyoanzia kwenye utumbo mwembamba, si mwanzoni kabisa wala mwishoni, na namna mkono unavyoweza kuutambua utumbo ulioungua kwa kuugusa tu.

Kisha Januari ya mwaka huu ikaja. Sina haja ya kuwakumbusha yale machafuko ya baada ya uchaguzi, wala jinsi tulivyolaza watu sakafuni hadi kwenye veranda. Miongoni mwao alikuwa Nekesa, mama muuza kabichi kutoka Tuwan, aliyekatwa pajani alipokuwa akikimbia pamoja na jirani zake. Damu ilikuwa imeisha benki. Mzee Wakhungu ni kundi O, na alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Uniti yake moja ya damu ndiyo iliyomfikisha Nekesa chumba cha upasuaji.

Siku ya pili Nekesa aliamka na kumwuliza Sista Phelista damu ile ilitoka kwa nani. Alipoambiwa, alifikiri kidogo. "Mwambie nimeshukuru sana," alisema. "Lakini asikuje hapa. Bado."

Wodi nzima ilicheka, na Wakhungu alipofikishiwa ujumbe alicheka kuliko wote. Ni kweli watu wa wodini hawakupenda kumwona. Mgonjwa akimwona mlangoni alidhani amekuja kumchukua. Alimheshimu Nekesa, hakukanyaga huko.

Siku ya tatu jioni presha ya Nekesa ilianza kushuka. Tumbo lake likafura na kuwa gumu. Nilijua kilichokuwa kikiendelea ndani yake, na kujua huko hakukunisaidia kitu. Wakhungu aliniita nje, akasimama mbali na madirisha.

"Daktari, ile dawa ya kufunga vimeng'enya. Si tujaribu?"

Nilimweleza kwamba hatuna. Nilimweleza kwamba hata tungekuwa nayo, hakuna aliyejua mtu apewe kiasi gani, na kwamba haijaruhusiwa kwa binadamu. Singeweza kumfanya Nekesa panya.

"Ni kweli," alisema. "Ni kweli. Niliuliza tu."

Nekesa alifariki siku ya nne, asubuhi. Mzee Wakhungu alimpokea, akamwosha, akamfunika. Alikuwa mtu wa thelathini na moja katika kitabu kipya. Tulipomaliza uchunguzi aliniomba niandike mimi ule mstari, kwa sababu mkono wake haukutaka. Niliandika alivyoniagiza, siku nne, utumbo mwembamba, rangi ya makaa.

Kwa haki ya wote sitaki kusema kwamba daftari la kwanza lingemponya Nekesa. Utafiti hauendi hivyo. Kutoka panya hadi wodini ni safari ndefu, na huenda tungefika mwaka huu tukiwa tumesimama pale pale. Lakini miaka saba kati ya 1999 na 2006 ilikuwa mikononi mwangu, na mchango wa hospitali hii katika safari hiyo ulikuwa mezani pangu umefungwa kwa gazeti. Sijui ungefanya nini. Nitaendelea kutojua, na kutojua huko ndiko adhabu yangu.

Mwezi Julai tulituma takwimu zetu kwa yule mhadhiri niliyemsikia Eldoret, ambaye anafundisha Nairobi. Watu thelathini na wanane. Jibu lake lilifika Septemba, nami nikashuka nalo mochari, nikamsomea Mzee Wakhungu nikimfasiria kwa Kiswahili. Mhadhiri alisema kazi ni safi sana, safi kuliko nyingi alizoziona kutoka hospitali kubwa. Alisema mpangilio wa kulinganisha waliokufa ghafla na waliokawia ni wa busara, akauliza ni nani aliyeubuni. Lakini idadi ilikuwa ndogo. Kwa watu thelathini na wanane hakuna jarida litakalokubali, alisema. Wakifika mia na hamsini, mambo yangekuwa mengine kabisa. Sentensi ya mwisho iliuliza: je, mna kumbukumbu zozote za miaka ya nyuma?

Hiyo sikuifasiri, nikaanza kukunja barua.

"Anauliza kama tuko na ya zamani," Mzee Wakhungu alisema mwenyewe.

"Ndiyo."

Alikuna kidevu. "Mwambie ilipotea. Usiseme ilichomwa, daktari. Atafikiria wewe ni mtu mbaya."

Nilimwandikia mhadhiri ukweli wote, pamoja na sahihi yangu kwenye ile amri ya kuchoma, na pamoja na jina la mtu aliyeubuni mpangilio. Hillary Wakhungu, mhudumu wa mochari, darasa la saba, Bokoli. Chepkorir ataiendeleza kazi, na kwa kasi yetu huenda tukafikisha watu mia na hamsini miaka sita au saba ijayo. Mzee Wakhungu hatakuwa hapa kuwaona. Sheria ya hospitali inasema kustaafu ni miaka hamsini na mitano, na bodi ilipokataa ombi langu la kumwongezea muda sikuwa na hoja ya kuwajibu isipokuwa kwamba tulichelewa kumsikiliza. Hiyo haimo kwenye fomu.

Kamati ya sherehe ilimwuliza angependa zawadi gani. Walikuwa wamefikiria ng'ombe wa maziwa au kochi. Alisema vyote ni vizuri na hatakataa, ila ana ombi moja kubwa kuliko hivyo. Aliomba kwamba mgonjwa akifa, daktari aliyemtibu ashuke mwenyewe, akae kwenye lile benchi la nje, na awaeleze watu wake kilichotokea mpaka waelewe. "Wananiuliza mimi," alisema, "na mimi miaka hii yote nimekuwa nikiwaambia tu poleni." Bodi imekubali. Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba ni kanuni ya hospitali, nami nimeomba zamu ya kwanza iwe yangu.

Mzee Wakhungu anarudi Bokoli kwa Mama Nabwile, ambaye ametangulia kutengeneza nyumba. Wana watoto wanne na wajukuu saba. Anasema atafuga kuku wa mayai na atapanda sukuma wiki, na kwamba ana hamu ya kuona jinsi inavyokuwa mtu akija kununua.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nasema asante kwa miaka thelathini na minne, kwa kuta nyeupe, kwa uniti ya damu, na kwa wote waliopita mikononi mwako wakatendewa kama wageni wa heshima. Kwa niaba yangu mwenyewe nina jambo jingine. Lile neno la mwaka 1999 nilikwambia mbele ya watu, na msamaha nilikuomba peke yetu kwenye chumba kilichofungwa. Haikuwa sawa. Kwa hivyo nauomba tena hapa, kwa maandishi, ambapo kila mtu atasoma: nisamehe, Mzee Wakhungu. Ulifikiri vizuri kuliko mimi.

Nenda ukapumzike. Shamba likuitikie, afya isikuache, na maisha ya Bokoli yawe mema kwako na kwa Mama Nabwile kwa miaka mingi.

Dkt. Kimaiyo
Daktari Mkuu